Aligeuka au Hakugeuka

Jumapili, 7 Julai 2019

Filamu bado imo ndani ya kamera, kwenye droo, chini ya batiki za mama. Siku Handaru wangu anapanda treni ya bandarini kwenda kutafuta kazi kisiwa cha Kalimantan, nilipiga picha hadi kamera ikagoma. Ile ya mwisho alikuwa amenipa mgongo, mguu mmoja ngazini — mara mpagazi akanikatiza na masanduku yake. Aligeuka au hakugeuka? Kwenye simu ananiambia habari za mvua na chakula. Jambo kama hili humuulizi mtu.

Kama aligeuka, nitamngoja. Kama hakugeuka, yamekwisha.

Jumatatu, 8 Julai

Mama kaniambia huku anakuna nazi, hata macho hakuinua: Jumamosi alasiri akina Prayogo wanakuja kuniona. Nitoke na sinia, nimimine chai, nirudi jikoni. Kuonwa tu, mwanangu, hakumwozeshi mtu.

Mh. Hapa mjini Solo sijamwona bado msichana aliyemimina chai ile akabaki kwao.

Tena Prayogo simchukii, ndiyo maana nina hasira. Ana adabu, ana duka lake la vipuri, anacheka taratibu kama anaogopa kumwamsha mtu. Angekuwa mjinga ningelala usingizi.

Jumanne, 9 Julai

Kusafisha filamu dukani ni mpaka mji wa pili, na wanakaa nayo. Nitaisafisha mwenyewe bafuni, kama tulivyokuwa tukifanya chuoni: kahawa ya kuyeyuka, magadi ya kufulia, vitamini C. Kahawa ndiyo inayoitoa picha. Ile dawa ya kuifanya idumu ninayo bado.

Nimemwagiza kahawa dada Tyas, yuko hapa anasubiri kujifungua. Kaleta, nikakoroga bila kusoma pakiti. Bahati nilijaribu kwanza na kipande cha mwanzo wa filamu, kisicho na picha. Kimetoka kinanata kama uji! Nikaramba kidole — tamu. Ina sukari na maziwa ndani, kama pakiti zote za mtaa huu.

Dada kacheka mpaka akashika tumbo. Kahawa isiyo na sukari si ya wagonjwa? Muogeshe Handaru wako kwa maziwa, atoke mweupe.

Mama naye kanisogezea kikombe chake chenye mashapo. Kahawa ni kahawa, anasema.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeota stesheni imejaa kahawa hadi kwenye madirisha ya treni. Watu wanaelea polepole, nywele nyeupe, nyuso nyeusi, wote wananitazama. Yeye anaelea kwa mbali. Namwita, sauti haitoki. Nimeamka nimekumbatia mto, sitaki kuuachia.

Jioni nimepata kahawa kavu, isiyo na sukari wala maziwa, kwa Mchina wa nyuma ya soko.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeamka alfajiri. Julai maji ya bomba letu yanauma meno kwa baridi, filamu inayapenda hivyo hivyo. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaiviringisha gizani kwa vidole, nikaifungia koponi. Nikamimina kahawa, nikatikisa, nikangoja. Harufu! Mama kagonga: unapika soksi?

Nilipoikunjua nikalia kidogo. Picha zipo. Kwenye filamu rangi hupinduka: mbingu nyeusi, miti myeupe, vijana wote wamegeuka wazee. Nikaining'iniza kwa kibanio cha nguo, nikajikataza kutazama mwisho mpaka ikauke. Ikachezacheza pale, nami chini yake, kama mtu anayengoja mvua.

Nimetazama. Mpagazi alikuwa keshapita, kila kitu kinaonekana. Mpagazi kageuka. Muuza tofu kageuka. Kuna mtoto kageuka mzima mzima, kidole mdomoni. Yeye hapana. Kisogo tu, cheupe.

Imeniuma. Nimeitazama tena — hata kisogo chake nakijua, zile nywele zinazokataa kulala.

Basi nimejibiwa. Nilisema yamekwisha.

Wageni wameshaingia. Nasikia viti, nasikia Prayogo anacheka kwa kile kicheko chake kidogo. Nimeketi bafuni juu ya ndoo iliyopinduliwa, naandikia gotini. Mama yuko nyuma ya mlango na sinia, vikombe vinagongana. Toka mwanangu, chai inapoa. Dada naye: bado tu?

Nimewajibu filamu bado mbichi. Ilikauka tangu adhuhuri.