Pampu Mbili, Bomba Moja

Wambui mjukuu wangu,

Huku Gilgil tuko salama; mvua imeshika na ng'ombe amezaa. Uliponipigia simu kutoka huko ng'ambo kwamba kapasita za basi la umeme mnalotengeneza, vile vikopo vya kupokea na kutuliza umeme, haziungui tena, nilikaa chini nikashusha pumzi. Nilikuwa naogopa moto, na wewe uko pale karibu ukipima.

Uliniuliza, "Shosho, umeelewa vile tulifanya?" Nimeelewa. Umeme ulikuwa unakuja kwa vishindo, vyote vikiangukia kapasita, mpaka mkaugawa katika njia mbili zinazopokezana.

Nikiwa msichana, tulikuwa tunapampu maji shambani kwa pampu mbili za mkono zilizoshiriki bomba moja. Kazi bila wimbo hatukuijua, kwa hivyo tulisukuma sote kwa mpigo mmoja, na bomba likawa linapasuka kila mara. Siku moja kijana wa pampu ya pili akatuambia, "Nyinyi sukumeni mkiimba, sisi tutasukuma tukiitikia." Hakuna aliyepunguza nguvu, lakini bomba lilipumzika.

Kijana huyo ndiye babu yako. Tangu tumzike, naimba peke yangu. Disemba njoo uniitikie.

Shosho wako,
Nyambura