Lightness na kompyuta yake

Domi, leo nimeumbuka! Yule fundi mpya wa gereji ninayemsema kila siku, Lightness, anayepima magari kwa kompyuta!

Si unalijua lile lori la korosho lenye gia otomatiki? Asubuhi liliwasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi, nikachomoa betri ili taa izimike, nikairudisha, kama tunavyofanya siku zote. Likagoma kabisa kuingia gia. Nikamwambia bosi giaboksi imekufa, tuishushe.

Lightness kachomeka kompyuta, kasoma namba za hitilafu. Kaniuliza taratibu, "Kaka Shamte, betri uliigusa?" Betri! Kumbe umeme haufiki vizuri kwenye mfumo wa gia. Kakaza waya wa betri niliouacha umelegea. Gia ikaingia. IKAINGIA!

Bosi kauliza tatizo lilikuwa nini. Kajibu, "Barabara mbovu ya kwenda Mtama, bosi. Mtikisiko umelegeza waya."

Kanifichia aibu, Domi! Bora angenianika. Sasa nikitaka kumsema vibaya naanzia wapi?