Pweza wa Bi Zuhura

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Naandika kwa sababu moja: anayetaka kupanda cheo hana budi kuusoma mwenendo wake mwenyewe na kuusahihisha. Leo tena, baada ya kazi ya ukarani bomani, nilimtembeza mbwa wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, hadi kwenye miamba ya pwani. Mwenyewe yuko safarini Msata. Ameahidi barua ya kuniombea masomo ng'ambo. Mbwa anaitwa Kepteni. Simgusi. Namshika kwa kamba ndefu.

Jumatano, 8 Agosti

Maji yalikuwa yametoka. Wanawake walikuwa wakichokoa pweza katika mashimo ya mawe. Miongoni mwao Bi Zuhura, shangazi yake Mwanahawa, binti niliyemposa. Posa haijajibiwa. Nilitaka anione nikipita kwa heshima. Nikateleza juu ya mwani, kamba ikanitoka. Kepteni akatia mdomo katika pakacha la Bi Zuhura, akalamba pweza.

Bi Zuhura alikuwa ameinama, amenipa mgongo. Hakuona. Hakuna aliyeona. Nikamvuta mbwa, nikaamkia.

"Marahaba, baba. Hajambo mkubwa wako wa miguu minne?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Sikusema.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikwenda pwani. Mbwa nilimzungusha nyuma ya boma. Nilinakili barua kumi na moja bila kosa.

Ijumaa, 10 Agosti

Baada ya sala Mwalimu Sefu, baba yake Mwanahawa, alinishika mkono mlangoni mwa msikiti. Akasema dada yake, Bi Zuhura, anakausha pweza wa Jumatano, wapikiwe wazee wangu siku watakapokuja kupokea jibu. Alisema kwa furaha. Nikamshukuru.

Kwa hiyo jibu ni jema. Na najisi ya mbwa itawekwa mbele ya baba yangu, kwa sababu yangu.

Jumamosi, 11 Agosti

Nikisema, huenda nikamkosa Mwanahawa. Nikinyamaza, nitampata. Hesabu ni rahisi. Imenishinda.

Jumapili, 12 Agosti

Nimesema. Mwalimu Sefu alisikiliza hadi mwisho, macho juu ya mkeka.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona aibu, Mwalimu."

"Na leo?"

"Leo aibu imezidi."

Alimwita dada yake. Pweza wakashushwa kambani, pakacha likaletwa. Akaagiza nioshe kila kimoja mara saba, moja kwa udongo, na nioshe mwenyewe. Nilivua koti, nikachuchumaa uani. Majirani walijaa mlangoni. Bi Zuhura alinimwagia maji.

"Hesabu kwa sauti, bwana msomi! Au huko chuoni mliishia sita?"

Nilihesabu kwa sauti. Nyuma ya pazia mtu alicheka. Sikugeuka.

Mwalimu Sefu hakusema lolote kuhusu posa. Nilirudi nyumbani na udongo kwenye kola. Sijui kama nimeharibu.

Jumanne, 14 Agosti

Bwana Shauri amerudi. Nilimkabidhi mbwa na kamba yake, nikaomba nisimpeleke tena pwani wanawake wanapokuwa kazini. Alinitazama kidogo, akasema vema. Barua hakuitaja. Sikuuliza.

Jioni upepo ulikuwa baridi. Nilikwenda kwenye miamba peke yangu. Maji yalikuwa yamejaa, mashimo hayaonekani.

Niliporudi nilikuta ujumbe wa Mwalimu Sefu kwa baba yangu. Wazee waje Ijumaa, tarehe 17, saa kumi alasiri. Pweza wameanikwa upya.