Jeneza la Leithi

Nakuru, 9 Februari 2008

Kwa shemeji Jeconia,

Salamu. Sisi tuliokimbia ghasia za uchaguzi hapa kambini ni wazima, kama kulala chini ya turubai ni uzima. Dada yangu anaendeleaje? Wewe sikuulizi, najua unakula vizuri.

Nimesikia karakana yangu hapo Langas imechomwa paa, lakini leithi, mashine yangu ya kukereza vyuma, bado imesimama. Ilikuwa nzito kwa wezi wavivu. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Bila hiyo mimi hapa ni mdomo wa kulishwa uji. Niletee kwa lori. Usiinyanyue kwa kushika shafti, ule mtaimbo wake unaozunguka, usiioshe kwa maji, na tafadhali usijaribu kuwa mwerevu. Nilimwambia dada yangu anaolewa na mtu asiyejua kufunga kamba. Nionyeshe kama nilikosea.

Shemeji yako,
Kabiru

Langas, 24 Februari 2008

Kwa shemeji Kabiru,

Asante kwa salamu zenye pilipili. Tuko salama, na mke wangu anakukumbuka, sijui kwa nini.

Barabara ya Timboroa haipitiki. Vijana wanauliza kila mzigo ni wa nani, na jina lako, la kabila wanalolifukuza, unajua lingetufikisha wapi. Kitu kimoja tu wanakipisha: maiti inayorudi nyumbani. Basi seremala alitutengenezea jeneza refu, tukaing'oa mashine miguu, tukailaza ndani. Kipkemboi, jirani yetu mwenye lori, akaliendesha. Lakini maiti inayosindikizwa na sisi Wajaluo haiwezi kuelekea Nakuru, kwa hivyo tuliipeleka kwetu Siaya. Kule Turbo kijana alijaribu kuinua jeneza, akauliza mbona ni zito hivi. Kipkemboi akamwambia marehemu alikuwa mtu wa kula. Dada yako alitakiwa ajifanye analia. Hakujifanya. Alilia "ndugu yangu, ndugu yangu" mpaka wakavua kofia.

Sasa shida ni mama yangu. Jeneza likishaingia bomani na kuliliwa, halitoki ila kwenda kaburini. Anasema njia ni moja: mwenyewe uje, ulifungue mbele ya watu, ule kwake, waone uko hai. Mabasi ya Kisumu yakianza tena, njoo.

Shemeji yako,
Jeconia

Nakuru, 15 Machi 2008

Kwa Jeconia,

Salamu ni za dada yangu tu.

Nilikuomba Nakuru, ukapeleka Siaya. Na sasa eti nije nile omena, vidagaa vyenu vya ziwani, kwa mama yako ndipo aniruhusu kuchukua mali yangu? Hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Mwambie sanduku ni sanduku. Viongozi wameshikana mikono, barabara ziko wazi, pakia ulete. Siku ya harusi yenu niliapa sitakanyaga huko, na siwezi kuvunja kiapo kwa sababu ya bibi kizee na mbao.

Nangoja lori.

Kabiru

Siaya, 20 Mei 2008

Kwa shemeji Kabiru,

Natumaini mvua haijaingia hemani. Sisi ni wazima.

Kipkemboi alikuja na lori mara mbili, na mara zote mama alilala mbele ya matairi. Mvua ikaanza, mbao zikafura, majirani wakasema tumemwacha mtu wetu aoze nje. Bado tulikungoja. Kila basi la Kisumu likisimama, dada yako alikuwa anatoka mbio kwenda barabarani. Jumamosi tulizika.

Watu walikuja wengi na walikula vizuri. Katekista aliuliza jina la kuandika msalabani. Nilikuwa bado natafuta la kubuni wakati dada yako alipotaja lako, la ubatizo na la baba yenu, na mwaka uliozaliwa. Mama aligeuka akamtazama. Jioni dada yako alinyoa nywele, kama mfiwa.

Mashine isahau, na ukitaka kumlaumu mtu, anzia kwenye kile kiapo chako cha kipumbavu. Nilikuwa sitaki hata kukuandikia. Nimemuuliza mke wangu kama ana salamu za kuweka kwenye barua hii.

Ameniuliza, kwa nani?

Shemeji yako,
Jeconia