Kiangazi Chenu Ni Baridi Yetu

Kimandolu,
Arusha.
9 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Hans,

Nakusalimu kwa upendo wa nyumba nzima. Hujambo huko Arizona? Na mgongo je, umepona, au bado unabeba mizigo kama kijana wa miaka ishirini? Sisi tu wazima, mvua imenyesha vya kutosha na migomba imestawi. Shemeji yako Philemoni amekaa hapa pembeni yangu barazani, anakunywa chai. Anadhani naandika orodha ya vitu vya safari.

Kwanza nikuchekeshe. Uliposema tuje kiangazi ututembeze kwenye hifadhi za jangwa, sisi tukapanga Januari ijayo, jua la Arusha linapokuwa kali. Philemoni alishaanza kuaga hadi kanisani. Juzi binti yetu Evaresta akatushtua: kiangazi cha Mjomba ni Julai! Yaani wakati sisi tunavaa masweta mawili mawili na Mlima Meru hauonekani wiki nzima, nyinyi ndio mnaungua. Walicheka wote. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, na sababu yake nakuambia wewe tu.

Ni macho ya Philemoni, Hans. Ana presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaendelea kupungua. Ikifika Januari huenda asione zaidi ya mwanga. Hataki mtu ajue. Ujumbe wa simu yetu siku hizi simu yenyewe inamsomea kwa sauti, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, Esther wa kwaya, anayesafiri kuja huko, atakuletea. Karatasi hawezi kuisoma tena.

Unamjua alivyokuwa. Miaka thelathini na moja ya kuendesha watalii, mkia wa chui ukining'inia mtini yeye alishauona, gari likiwa kwenye mwendo. Leo asubuhi ameniambia, "Mama Evaresta, Meru uko wazi leo, njoo uone." Mawingu yalikuwa yameshuka hadi Olmotonyi, kule chini ya mlima. Nikasimama naye, nikasema kweli, uko wazi.

Zile picha zako nimezitazama mpaka naziota. Miamba myekundu yenye matao, mchanga mweupe usioisha. Mwenyewe anasema jangwa analipenda kwa kuwa hakuna cha kutafuta vichakani, lote limekaa peupe linamsubiri. Mimi natuona tumekaa juu ya jiwe lenye joto, viatu tumevua, hatuongei kitu, upepo tu unapita. Sijui kama jangwa liko hivyo. Nataka liwe hivyo.

Basi nakuomba, tubadilishie tarehe iwe Julai mwanzoni. Umkalishe dirishani, kwenye kiti cha mgeni, maana hajawahi kukikalia. Na ukiona kitu kizuri huko mbele, usikionyeshe. Punguza mwendo, nyamaza, umsubiri. Mwache yeye ndiye akuonyeshe wewe.

Msalimie sana wifi yangu Violet, na watoto wabusu mashavuni. Mungu awafunike, na safari hii aishike mkononi mwake.

Sasa hivi ameniuliza orodha imefika wapi. Nimemsomea, "Kofia mbili, viatu vya wazi, darubini yako." Akasema darubini iwekwe juu kabisa ya begi, asije akahangaika kuitafuta.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Tekla