Sayari Isiyo na Ng'ombe

Wifi yangu Minza, mpenzi wangu,

Juzi mwanangu Milembe aliniuliza kama ile sayari yetu bado ipo. Nilikuwa napepeta mtama, nikabaki nimeshika ungo tu. Nilidhani ameshasahau, maana alikuwa mtoto mdogo wa kulala juu ya rundo la pamba wakati mimi na wewe tunaigundua. Kumbe watoto husikia hata wakiwa wamelala. Nikamjibu kwamba ipo, ila mwenyewe hayupo. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua barua hii haina pa kupelekwa. Kuandika ulinifundisha wewe, basi vumilia mwandiko wangu.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa umetoka kwa mumeo Kiloleli, umekuja kutusalimia na kibuyu chako cha maziwa, na jicho limevimba. Kila aliyekuuliza ulimwambia umejigonga mlangoni. Sote tulijua mlango huo una jina na una ndevu. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi, na mimi nikitoka shambani nilikuwa bado naingia kwa jirani nikidhani ni kwangu. Ulikuwa msimu wa kuchambua pamba. Tuliketi kivulini nyuma ya nyumba, pamba safi tunaiweka kulia, fifi, ile chafu, kushoto. Ukainua uso kutoka kwenye pamba, ukasema, "Wifi, kuna dunia nyingine."

Nikakuambia, "Ipo, na huko nako wanatusubiri tukachambue pamba."

Hukucheka. Ukanieleza kwamba mwalimu wenu wa kisomo cha watu wazima amewaambia zile nyota ni majua ya mbali, na huenda yana sayari zake, na huenda mojawapo ina maji na hewa ya kuvuta. "Basi hiyo moja ni yetu," ukasema. "Tena tumeshafika. Shuka, wifi, mlango umefunguliwa."

Mungu wangu, tulishuka! Chombo chetu kilikuwa na kelele kama kinu cha pamba cha Maswa, tukasafiri tumeziba masikio njia nzima. Kule tukakuta majua mawili, moja kubwa jekundu linalokwenda polepole kama mgonjwa, na jingine dogo jeupe linalokimbia. Kila kitu kilikuwa na vivuli viwili. Nyasi zilikuwa za zambarau. Mvua haikuanguka, ilipanda kutoka ardhini asubuhi kama mvuke wa ugali, ikalowesha kila shamba bila kuchagua. Na uzito wa vitu ulikuwa mdogo, debe la maji kichwani lilikuwa kama kapu la pamba, mwanamke akaruka nalo mtaro. Hilo ndilo lililonifanya niipende sayari yako. Nilikuwa nimechoka na kisima, wifi, nilikuwa nimechoka kabisa.

Tukagombana kuhusu salamu. Jua moja linachomoza, jingine linazama, sasa ukikutana na mtu unamwambia mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya jioni? Ukasema anayekwenda shambani apewe ya asubuhi na anayerudi apewe ya jioni, na mvivu aliyelala asisalimiwe. Nilicheka mpaka nikatupa fifi kwenye safi.

Na wale wenyeji wake! Warefu, wembamba, ngozi kama majani ya mahindi, hawana midomo. Walizungumza kwa kubadilika rangi. Ukasema uzuri wao ni kwamba hawawezi kudanganya. "Mumeo akisema alikuwa kwenye mkutano wa kijiji, wewe unatazama rangi tu." Kaka yako Maduhu akipita na jembe lake alikuwa anatuuliza, "Leo mmefika wapi?" Nasi tunamjibu tumepata mto. "Una samaki?" Wapo, tunamwambia, lakini ni wajumbe wa baraza, hawaliwi. Anatikisa kichwa, anakwenda zake, lakini jioni anauliza tena habari za mto.

Halafu siku moja mimi nikaanza kujenga zizi. Nilikuwa nimeshachagua mahali, karibu na mto, nimeshapanda na minyaa ya kuzungushia. Ukanizuia mkono.

"Kule hakuna ng'ombe," ukasema.

Nilidhani ni utani. Msukuma asafiri mbali vile halafu akose ng'ombe! Nikakuuliza, "Sasa watu wataoana kwa kitu gani?"

"Kwa kupendana tu. Na mtu akishindwa anafunga mzigo wake, anarudi kwao. Hakuna anayekuja kudai."

Hapo ndipo nilipokuelewa, wifi, na moyo ukaniuma. Maana ng'ombe waliotolewa kwa ajili yako hawakukaa katika zizi la baba mkwe. Walipita tu, wakaenda Nassa kwa baba yangu, Maduhu akanioa mimi. Ndivyo tufanyavyo sisi sote, binti akiolewa kaka yake anaoa. Ungemwacha mume yule, ng'ombe wale wangedaiwa, na wangetoka wapi kama si kwa baba yangu? Mimi ningerudishwa Nassa, na wanangu Shija na Milembe sijui wangekuwa wa nani. Yote hayo uliyajua. Ulikuwa unapigwa ili mimi nikae kwa raha nyumbani kwa baba yako. Nililia pale pale juu ya pamba, na wewe ukaniambia niache, nitaishusha pamba daraja.

Haukupita muda mumeo akaja kukuchukua, amefuatana na wazee wake, wanataka mke au ng'ombe wao. Waliwekewa viti uani. Baba mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe nduhu, hawapo. Walishaoa." Sijapata kumsikia mzee yule akiongea kinyonge vile. Nawe ukatoka na mzigo wako umeshaufunga. "Nitakwenda, baba," ukasema. "Msimsumbue wifi."

Mimi nilikuwa ndani. Unajua nilivyomheshimu baba mkwe, hata maji sikuwahi kunywa mbele yake. Lakini nilikuona umeshika mzigo ule, umesimama wima kama unayekwenda sokoni, nikasikia sauti yangu inatoka nyuma ya mlango. "Baba, niwie radhi. Minza asiende. Hao ng'ombe tudaiwe mimi na Maduhu. Tutalima."

Mumeo akacheka. "Tangu lini milango ya kwenu inaongea?"

Baba mkwe hakugeuka kunitazama, alinistahi hadi mwisho. Akauliza tu, "Mayu, mama yangu, umesema mtalima?"

"Tutalima, baba."

"Tutalima," Maduhu naye akasema. Nimempenda mume wangu siku nyingi, lakini siku ile nilimpenda zaidi. Mzee akanyanyuka, akaenda zizini mwenyewe, akafungua dume lake alilokuwa akijitambia kijiji kizima. "Anzeni na huyu," akawaambia wazee wa Kiloleli. "Waliobaki watawafuata."

Tukalima. Tulikuwa tukitoka shamba la kijiji tunaingia kwenye pamba yetu, na wewe ulikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Kila mavuno mtamba mmoja alikwenda Kiloleli. Na kila mavuno sayari yako iliongezeka mlima au kabila jipya, maana tulipokuwa tumeinama kwenye mistari tulihitaji pa kwenda. Ng'ombe wa mwisho alipoondoka ulicheza uwanjani peke yako, bila ngoma. Baadaye ukawa mwalimu wa kisomo wewe mwenyewe, ukaanza kutembea vijijini na chaki zako, na mimi nikawa mwanafunzi wako mtundu kuliko wote.

Homa iliyokuchukua nimeichukia, wifi, mpaka leo naichukia. Ulituondokea wakati madukani hakuna sabuni wala kipande cha nguo, na mzee mwenye duka pale Bariadi akatoa kitambaa cheupe cha sanda alichokuwa amejiwekea mwenyewe, akampa Maduhu, akasema nenda. Tumekulaza hapa, kando ya baba yako. Hakuna mtu wa Kiloleli aliyekuja kusema wewe ni wake. Nilifurahi katikati ya kilio, Mungu anisamehe.

Nimejaribu kwenda kule peke yangu. Siwezi. Nakaa na pamba yangu, nafika mtoni, halafu sijui nyuma ya kile kilima ulikuwa umeweka nini. Nakukosa, Minza. Wakati mwingine nakukasirikia kabisa, kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

Sasa nikupe habari. Milembe anachumbiwa. Kijana ni wa Maswa, mpole, anasalimia vizuri. Nilimwuliza Milembe mwenyewe kabla ya wazee hawajakaa, naye akasema anamtaka, akaficha uso. Baada ya mavuno ng'ombe wataingia. Shija ameshaanza kuwahesabu kwa macho kabla hawajafika, maana naye ana msichana wake.

Asubuhi ya leo nimemwambia Maduhu, na nimemwambia mbele ya Shija: ng'ombe wa Milembe hawataoa mtu. Watakaa zizini, wao na ndama wao, mpaka Milembe awe na wajukuu. Shija amekuja juu. "Na mimi nitaoa kwa kitu gani?" Baba yake alikuwa anafunga kamba ya jembe, hakuinua hata kichwa. "Utalima," akamwambia.

Kisha nimemchukua Milembe mpaka zizini, nikamwonyesha upande watakaosimama ng'ombe wake. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni nauli yako ya kurudi." Akacheka, akasema anampenda yule kijana, hatarudi. Nikamwambia vizuri, asirudi. Ila nauli ipo, na hakuna atakayeigusa nikiwa hai.

Lala salama, mpenzi wangu.

Wifi yako,
Mama Milembe