Sanamu za Gredi ya Nne

Section 58, Nakuru
Jumatano jioni

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti la kushoto limetulia na lile jiko limeacha kujaza nyumba moshi. Huku kwetu baridi ya Julai imetukaa mifupani. Asubuhi ukungu wa Menengai hushuka mpaka kwenye lango la shule, na watoto huingia mmoja mmoja wakipuliza vidole. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza taratibu, na nakuomba usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nikikupigia, Baba, wewe huiweka simu kwenye meza ya kazi, ukafungua spika, ukaendelea kupigilia misumari viti vya watu, na jambo hili sitaki lisikiwe na wateja wako. Kwa hiyo nimempa Sally barua hii, yule jirani yangu anayekuja huko kwako Rhonda kila Alhamisi kuchukua mitumba. Amesema atakukabidhi mkononi. Mpe chai, atakuwa ametembea.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nikija kwako, kabla sijavua koti, wewe huniuliza swali moja tu: watoto wanasoma nini wiki hii? Tangu tumzike Mama hujaniuliza lingine. Nami hujibu nikinywa chai, nikidhani kwamba nyumba imekuwa kimya mno na unapenda kusikia habari za watoto. Leo nitalijibu swali lako kwa ukamilifu, kisha utaniambia kama ulichotaka kujua kilikuwa hicho.

Muhula huu Gredi ya Kwanza wanasoma mimea inayotambaa. Tulimwomba kila mzazi ampe mtoto jani moja. Jani moja, Baba, nililiandika kwa herufi nzito. Mama mmoja alileta gunia lenye mmea mzima wa maboga, mizizi, udongo, na maboga mawili juu yake, akaniambia kwamba akikosea afadhali akosee kwa kuzidisha. Gredi ya Pili wanasuka vikeka vya karatasi, na vingi huja vimeshonwa kwa cherehani. Gredi ya Tatu wanapima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo. Mvua ilipokataa kunyesha wiki nzima, wazazi wakajaza chupa kwa maji ya mfereji ili watoto wao wasionekane wamefeli mvua. Gredi ya Tano walitakiwa kupika nyumbani na kupigwa picha, nami nina picha za chapati laini, za duara kamili, ambazo mtoto wa miaka kumi hawezi kuzisukuma hata akisaidiwa na malaika.

Na wote hunipigia mimi, kwa sababu mimi ndiye karani na namba yangu ndiyo iliyo chini ya tangazo. Mzazi mmoja aliniuliza kama hii ni shule ya watoto au ya wazazi, maana yeye alimaliza darasa la nane zamani na hakumbuki kuomba kurudi. Baba yake Abby wa Gredi ya Nne aliniita madam na mjinga katika sentensi moja, nikakosa kujua nijibu lipi. Niliwaomba radhi wote wawili. Wewe unanijua. Mtu akinikanyaga, mimi ndiye husema pole.

Sasa nisikilize vizuri. Tangazo la miradi hutoka Jumatatu saa sita, si mapema. Ndiyo amri ya mwalimu mkuu, Bi. Wanyoike. Yeye husema wazazi wakipata habari mapema hukimbia kununua kila kitu, mtoto asiguse hata gundi, na alama za miradi hiyo huingia kwenye ripoti ya mtoto. Kwa hiyo walimu huniletea kazi zao Ijumaa, mimi huchapa, Bi. Wanyoike hupitisha, na baada ya hapo ni siri mpaka Jumatatu. Niliapishwa kwa siri hiyo siku ya kwanza kazini, nikiwa nimesimama. Sikumwambia rafiki, sikumwambia Sally. Nilikuambia wewe tu, kwa kuwa nani duniani huhesabu baba yake kuwa ni watu?

Wiki tatu zilizopita zamu ilikuwa ya Gredi ya Nne. Katika kilimo wanasoma jinsi ya kulinda mimea, na kila mtoto alitakiwa kutengeneza sanamu ya kutishia ndege kwa vitambaa vikuukuu na vijiti. Mwalimu wao, Bwana Odero, aliandika kwamba sanamu ikiwa mbaya ndiyo nzuri. Tangazo likatoka Jumatatu. Jumanne asubuhi, Baba, watoto kumi na wanane walipita langoni wakiwa wamebeba sanamu, na zote zilikuwa ndugu. Mkono wa kulia juu, wa kushoto kiunoni, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu, zikitabasamu. Zikapangwa kwenye bustani ya sukuma wiki zikielekea upande mmoja kama kwaya. Kufika saa nne ndege walikuwa wamekaa vichwani mwao. Hata ndege waliona kwamba hao ni watu wazuri.

Bi. Wanyoike hakucheka. Alimwita Abby ofisini kwake, na kwa kuwa mlango baina yetu haufungiki nilisikia yote. Alimwuliza ameishonaje. Abby akajibu kwa furaha kabisa kwamba wao huenda Rhonda kwa Guka wa miradi, babu mmoja fundi, kwamba Guka hakosi chai ya tangawizi, kwamba ukifika mapema Jumatatu unachagua mwenyewe ile unayoitaka, na kwamba Guka huwaacha watoto wavishe sanamu kofia. Bi. Wanyoike akamwuliza Jumatatu saa ngapi. Abby akasema asubuhi, wakipita kwenda shule.

Asubuhi, Baba. Tangazo lilikuwa bado kwenye kompyuta yangu.

Rhonda ina maguka wengi, na wengi wao hunywa chai ya tangawizi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikaendelea kuchapa. Niliendelea kujiambia hivyo hata Jumapili iliyofuata, nilipokukuta umefagia karakana mpaka hakukuwa na hata uzi sakafuni, wewe ambaye Mama alikubembeleza miaka yote uokote misumari.

Bi. Wanyoike alipiga hesabu yake haraka. Kuna mtu wa ndani anayetoa siri, na anayejua mradi wa darasa kabla ya Jumatatu ni mwalimu wa darasa hilo; karani hakumwingia akilini. Bwana Odero anakaa Kaptembwo. Kila jioni hupita Rhonda kwenda kwake. Ikaonekana kesi imekwisha. Alhamisi iliyopita niliitwa nije na kalamu yangu, nikasomewa barua ya kumwonya Bwana Odero niichape: ajieleze kabla ya Ijumaa hii jinsi anavyoshirikiana na fundi wa Rhonda, au mkataba wake usiongezwe. Niliichapa mimi, Baba, kwa vidole hivi. Nilisahihisha hata nafasi kati ya maneno.

Bwana Odero ndiye aliyenionyesha jinsi ya kupiga printa ubavuni ikikwama. Hunitunzia kikombe cha uji kila siku nisipotoka wakati wa mapumziko, na mke wake amejifungua mwezi uliopita. Alipokuja kuichukua barua aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza kama nina wazo lolote. Nilisema sina. Akasema basi huenda ni printa ndiyo inayotusengenya, akacheka peke yake, akaenda darasani. Nilimsikia akiwafundisha watoto aina za udongo kwa sauti ile ile ya kila siku. Uji wangu niliukuta mezani saa nne kama kawaida. Sikuweza kuunywa.

Jana Bi. Wanyoike aliamuru sanamu zote zing'olewe, ziwekwe stoo, nami nizipige picha mojamoja ziwe ushahidi. Kulikuwa na manyunyu na sanamu zililowa. Nilipiga ya kwanza, ya pili, nikafika ya Abby. Ilikuwa imevaa sweta la rangi ya damu ya mzee, la shule ya upili, na kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na kiraka cha uzi wa kijani.

Sihitaji kukueleza hicho kiraka. Ulikuwepo ukiwa umeketi pale pale, Mama akilalamika kwamba uzi mwekundu umekwisha, nami nikilia kwamba wasichana wa Njoro watanicheka, naye akasema watakaocheka wataona kwamba huyu ana mtu wa kumshonea. Nililivaa mpaka kidato cha nne. Nilidhani liko kwenye sanduku lake.

Nilikaa chini kwenye gunia la mbolea. Baba, nimekukasirikia sana, na kwa kuwa sijazoea, nimekosea hata jinsi ya kukasirika. Nimefua nguo usiku na zote zilikuwa safi. Sikukasirika kwamba unashona. Najua watu siku hizi hununua viti vilivyotengenezwa tayari, na najua karakana bila mteja ni sawa na kaburi lenye dirisha. Ungeniambia tu. Kila Jumapili nilikaa mbele yako, ukanimiminia chai, ukaniuliza watoto wanasoma nini, nami nikajipa moyo kwamba baba yangu anarudi polepole kwetu. Kumbe ulikuwa unachukua oda.

Sasa nakuambia lililonifanya niandike. Leo asubuhi, kabla ya gwaride, nilibisha mlango wa Bi. Wanyoike. Nilimwambia kwamba fundi wa Rhonda ni Muiruri, baba yangu mzazi, na kwamba siri ilitoka kinywani mwangu, Jumapili baada ya Jumapili, bila Bwana Odero kujua lolote. Nilimwambia kwamba wewe hukujua ni siri, kwa sababu sikuwahi kukuambia, na hilo ni kweli. Hakufoka. Aliniuliza kama nilijua siku ile nilipoichapa barua ya onyo. Nilisema nilikuwa nimeanza kujua. Akasema afadhali ningekuwa mwizi, maana mwizi huwa anajua anachotaka. Kisha akaichana nakala ya barua ya Bwana Odero mbele yangu, akaniambia niende nyumbani, nirudi Ijumaa na maelezo ya maandishi, hapo atajua la kufanya nami. Mkataba wangu bado ni wa majaribio. Unaelewa maana yake.

Nikitoka nilikutana na Bwana Odero mlangoni. Habari ilikuwa imemfikia, sijui kwa njia gani, labda kweli ni ile printa. Nilitegemea matusi. Alisema kwamba wiki hii yote mkewe alikuwa akimwuliza usiku kama kweli hakufanya, na kwamba hilo ndilo lililomchosha. Halafu akasema uji uko mezani. Niliunywa, ukiwa umepoa, nikaondoka.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache. Ukiwa na sanamu zilizobaki, au chupa za kupimia mvua, usiziuze. Watoto wakija, na watakuja, maana wanakupenda kuliko walimu wao, wape sindano na vitambaa, uketi juu ya mikono yako, uwaache washone vibaya. Wazazi wao wakikasirika waambie wanipigie mimi. Nimeshazoea, na huenda hivi karibuni nikawa na nafasi. Usije shuleni kunitetea. Najua utavaa koti la mazishi na kusimama langoni. Tafadhali usije.

Sweta sikulichukua. Liko stoo, ni ushahidi, na mimi bado ni karani mpaka Ijumaa.

Nisalimie majirani wote, hasa mama wa mkaa anayekuazima kibiriti. Mwambie Kamande akipiga simu kutoka Eldoret kwamba dada yake hajambo, usimwambie zaidi, ataanza kutoa ushauri. Jipake dawa ya goti kabla ya kulala, usingoje liume.

Jumapili nitakuja, niwe na kazi au nisiwe nayo. Wewe huniita Maitu, mama yako, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, na mama hawezi kumsusia mwanawe. Nitavua koti, nitaketi, utamimina chai. Ila usiniulize watoto wanasoma nini. Niulize kama nimekula.

Ni mimi binti yako,
Wamaitha